Mipaka Iliyoandikwa Nyuma ya Barua ya Waziri

Mume wangu Keraryo alikuwaga tarishi wa ofisi ya wilaya miaka ishirini na sita, na ugonjwa wa sahihi za wakubwa aliupatia huko. Alipostaafu nikasema sasa tutapumzika. Wapi! Akaanza kuzunguka Bunda, Kisorya mpaka Mwitongo, akiomba watu barua za zamani zilizosainiwa na mawaziri na wakuu wa mikoa. Anazibandika kwenye maboksi kwa uji wa muhogo, anazitundika sebuleni. Mimi nauza dagaa sokoni Musoma. Nikirudi, hata pa kutundika kalenda sina.

Aliyoipenda kuliko zote ni ya Nyamburi, mjane wa Bugwema. Waziri mmoja, sasa marehemu, alimthibitishia mume wake shamba, akasaini kwa wino wa kijani. Mgeni hajapewa hata maji, ameshaonyeshwa hiyo.

Alhamisi mchana Nyamburi akaingia anahema.

"Shemeji, nipe barua yangu. Kesho asubuhi niko baraza la kata. Boniphace anasema shamba lake linafika mpaka kisimani kwangu."

Keraryo akaishusha anatabasamu. "Sahihi ya waziri hii! Nani atabisha?"

"Nataka nyuma, shemeji. Wazee waliandika mipaka huko nyuma."

Nyuma kuna boksi na gundi! Nilipandwa na hasira.

"Baba Lameck, hukuigeuza?" nikamuuliza mume wangu.

"Niligeuza. Niliona mwandiko wa watu wa kijijini tu."

Mama yangu! Akajaribu kisu, kona ikachanika, Nyamburi akapiga yowe. Ikabaki kuiloweka kwenye maji, na maji yangeondoka na ule wino wa kijani. Nikaweka beseni mezani. Keraryo akaishika barua kwa mikono miwili, hasogei. Nyamburi analia.

"Waziri alishakufa," nikamwambia. "Huyu hapa ataishi wapi?"

Akaizamisha. Kijani kikatawanyika. Tulibandua kidogo kidogo. Mwandiko wa kalamu ya bairo, usiotoka kwa maji, ukatokea: mkuyu, kijito, jiwe jeupe, kisima kikiwa ndani, na majina matano ya mashahidi.

Asubuhi tukaenda naye, mwenyekiti wa baraza akayasoma kwa sauti. Alipotaja la tatu, Boniphace akainuka.

"Hebu nione." Akaitazama ile karatasi muda mrefu. "Huyu wa tatu ni baba yangu, na mwandiko ni wake. Aliniambia kisima ni chetu." Akairudisha mezani. "Basi. Mpaka ubaki hapo hapo alipoandika mzee."

Nyamburi alinishika mkono akauminya mpaka nikaumia. Keraryo, kwa mazoea yake, akanyoosha mkono kuichukua karatasi. Nyamburi akamuwahi, akaikunja, akaitia kifuani.

"Hii hutarudi nayo, shemeji."

Keraryo akaingiza mkono mfukoni, akatoka nje. Hasira zangu zote za tangu jana ziliisha hapo hapo, nikamuonea huruma.