Udongo Mweusi Juu ya Tuta la Kale

Nikuambie ukweli, sikutaka kurudi kule juu. Ni binti yangu aliyenishika mkono tuliposhuka kwenye boti pale kijijini Mwamgongo, akasema mama, leo hunikwepi. Mtaalamu wa mambo ya kale alikuwa amekuja kupima handaki linalozunguka kilima chetu, akataka mtu aliyekulia pale amwonyeshe njia. Mtu huyo ndiye mimi. Basi tukapanda, goti langu likilalamika kila hatua.

Handaki lile lilichimbwa na watu ambao hata bibi yangu hakuyajua majina yao. Udongo waliotoa waliurundika ukingoni ukawa tuta refu, wakaishi ndani ya mzunguko wake na mifugo yao. Kwetu sisi ilikuwa njia ya shambani tu. Asubuhi tulikula kiporo cha ugali wa muhogo na dagaa wa mawese, tukapita pale majembe begani, huku chini tukisikia wavuvi wakiitana ufukweni. Jioni, kabla ya kuvuka, kila mtu aliinama, akachota udongo ulioporomoshwa na mvua na kuurudisha juu ya tuta. Jembe moja tu, basi. Bibi hakukubali kisingizio. Alisema nyumba ya watu haibomolewi kwa sababu wamehama. Mimi niliona ni adhabu.

Mwaka mmoja shule ilihitaji darasa jipya, mwalimu akaagiza kila mwanafunzi alete matofali kumi ya udongo. Kilima chetu ni mawe matupu, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mvivu wa kutajwa. Nikawanong'oneza wenzangu kwamba kule kwenye tuta udongo ni laini, hata kijiko kinazama. Tulichimba siku tatu, tukicheka, na vigae vya vyungu vya kale tukavirusha bondeni kushindana nani atafika mbali. Mwalimu akatusifu mstarini. Tuta likabaki na pengo la kupita ng'ombe wanne sambamba.

Bibi alipoliona alikaa chini. Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaapa simjui aliyefanya. Kesho yake akaanza kubeba udongo kwa karai kutoka shambani kwake, ule mweusi wa kupandia maharage, mgongo umepinda. Siku ya nne nilimkuta mlangoni na karai la pili, dogo. Akanikunjia ngata ya majani makavu ya mgomba, akaniwekea kichwani.

"Sikuulizi," alisema. "Twende."

Tulijaza masika yote. Maharage yetu mwaka ule yalikuwa haba, tukala kisamvu mpaka tukakichoka. Bibi alifariki miaka mingi baadaye, na bado nilikuwa sijakiri.

Sasa mtaalamu yule akasimama palepale, akasugua udongo vidoleni. Akasema tuta lote ni jekundu ila hapa ni peusi, pamejazwa juzijuzi tu, si kitu cha maana, atauondoa ili afikie udongo wa asili. Nilitaka kunyamaza. Kunyamaza nilishakuzoea. Lakini nikauona tena mgongo wa bibi uliopinda.

"Huo ni wa bibi yangu," nikamwambia. "Pengo ndilo langu."

Nikamweleza yote, binti yangu akisikia kwa mara ya kwanza. Yule bwana aliandika kwa muda mrefu, kisha akasema atachimba kando.

Darasa letu la matofali lilishaanguka zamani, shule sasa ni ya bloku. Njia ya shambani imeota nyasi, watu wanapita chini, na hakuna tena anayerudisha udongo. Wakati wa kuvuka nilipapasa begani kutafuta jembe, halipo. Nikapiga magoti, nikachota kwa mikono miwili.

Binti yangu aliinama pembeni yangu, akachota wake.