Jiko la Mama Severa

Ukiacha ile ya kanisani, Joyceline alikuwa na imani yake nyingine: kitu kisicho na mfuniko ni uchafu. Aliuza vyombo vya plastiki kwa jumla Kariakoo, na stoo yake ilipangwa hivi kwamba angeingia gizani akatoka na beseni alilolitaka. Nyumba yake ya Ilala aliipanga vivyo hivyo. Sukari kwenye kopo, kopo kwenye kontena, kontena kabatini, na kabati limefungwa. Mgeni akimwambia kwamba jiko hilo halionekani kama linapikiwa, Joyceline alifurahi siku nzima.

Humo ndimo alimomleta mama yake mzazi, Severa, kutoka Rombo. Alimleta kwa hofu. Mama alikuwa akiishi peke yake, mwaka huu akaanza kusahau dawa za presha, mpaka jirani akamkuta kaanguka jikoni. Joyceline akaapa kwamba mama yake hatakaa tena peke yake.

Lakini hata Ilala mama alisahau. Dawa zilikaa kwenye droo, ndani ya kikopo safi, wala hazikupungua. Majani ya chai aliyanunua kila alipotoka, maana nyumbani hakuyaona, hata kabati likajaa majani ya chai. Joyceline akabandika karatasi kwenye kila mlango, kwa herufi kubwa kama za tangazo la mnada.

"Mama, si nimekuandikia? Soma tu!"

"Kusoma najua, mwanangu. Shida ni kukumbuka kwenda kusoma."

Joyceline akampandishia sauti mama yake, akajuta palepale. Asubuhi yake Mama Severa akasema kwa upole kwamba anarudi Rombo.

"Hapa nakaa kama mgeni. Hata kijiko mpaka niombe. Nikatie tiketi, kesho niondoke."

Joyceline hakwenda kukata tiketi. Wala hakuthubutu kumwacha nyumbani, kwa kuwa moyoni alishaamini kwamba akili ya mama inamtoka. Akamchukua mpaka dukani, akampa kiti mlangoni.

Mkabala na hapo kulikuwa na duka la Khalfani, mtu wa Lindi, muuza vyombo vya jikoni. Duka hilo lilimkera Joyceline tangu siku Khalfani alipolifungua. Kila kitu kilining'inia nje kwenye wavu wa chuma: sufuria, miiko, machujio, vikaango, hadi mpita njia ainame. Ilikuwa Ijumaa, na ilipofika saa ya swala Khalfani akavuka.

"Shikamoo, mama. Niangalizie hapo, naenda msikitini mara moja."

"Marahaba, baba. Nenda tu."

Aliporudi, Mama Severa alimpa habari yote. Dada mmoja aliulizia chujio dogo la chai, akaelekezwa nyuma ya kikaango, kasema atarudi. Mwingine aliushika mwiko mrefu akautundika pasipo pake, basi mama akaurudisha mahali pake. Khalfani akacheka mpaka akashika kiuno.

"Dada Joy, huyu mama kichwa chake moto! Niachie mimi huyu!"

Joyceline aliduwaa. Kumbe mama asiyekumbuka kidonge kimoja ameshika duka zima la mtu mwingine, tena kwa asubuhi moja!

"Mama, mbona dawa hukumbuki?"

"Nikikiona kitu nakikumbuka. Ukikificha, kwangu kimekufa." Mama Severa akainamisha macho, maana hakupenda kumuumiza mtoto. "Kule nyumbani dawa nilikuwa naziweka dirishani, karibu na chumvi. Basi ulipokuja Krismasi, ukaniletea yale makontena yako, ukanipangia jiko."

Krismasi, kama Wachaga wenzake wote wa Kariakoo, Joyceline alifunga duka akapanda nyumbani na gari limejaa. Alisafisha jiko la mama yake kwa upendo mtupu, akafunika kila kitu, akarudi mjini akijisifu. Na mama alianguka baada ya hapo.

Ilimchoma, lakini hakukaa chini kulia. Alivuka barabara, akamwuliza Khalfani wavu kama ule unapatikana wapi, akaununua pamoja na kulabu zake.

"Mama, nipe wiki moja. Ikishindikana, nakupeleka Rombo mwenyewe."

Jioni hiyo akapigilia misumari kwa mkono wake. Ilimtesa. Chumvi wazi! Sufuria zikimtazama! Chumbani kwake aliacha kila kitu na mfuniko wake, kwa sababu na yeye ni mtu. Lakini jikoni alimwachia mama aseme kipi kikae wapi, na mama akaziweka dawa kwenye kifuko kinachoonyesha ndani, kando ya chujio la chai. Hakukosa kumeza hata siku moja.

Wiki ilipotimia ikawa zamu yao kupokea jumuiya ya kanisani. Wageni wakiwa wameshaanza kuketi, Joyceline aliona aibu ikampanda. Akaingia jikoni harakaharaka, akavua vyombo vyote, akavisukumia kabatini. Mara sauti ya Mama Severa ikavuma mpaka barazani.

"Nani amegusa jiko langu?"

Wageni wakageuza shingo. Joyceline akajitokeza.

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

"Haya, rudisha!"

Akarudisha, wageni wakimtazama, chombo baada ya chombo, huku akitabasamu kwa furaha. Mtu anayefunga safari hagombanii jiko.