Sauti Iliyopita Asubuhi ya Msiba

Kazi yangu ni kurekodi matangazo. Nina chumba kimoja pale Turwa, mjini Tarime, kuta nimezifunika kwa magodoro chakavu na trei za mayai ili mlio wa bodaboda usiingie. Humo watu huja kutangaza maduka, mikutano ya injili, ng'ombe waliopotea na misiba. Mwaka wa uchaguzi wanakuja wagombea.

Mwaka ule alikuja baba yangu mdogo. Alikuwa anagombea udiwani wa kata yetu ya nyumbani, huko juu milimani, jirani na Itiryo. Kura za maoni ndani ya chama alikuwa amezishinda kwa shida, maana wapo waliosema zamu hii ilikuwa ya ukoo mwingine. Baba mdogo alikuwa mtu wa ng'ombe na kahawa, mwenye sauti iliyozoea kumwita mtu wa ng'ambo ya bonde. Nilimwandikia maneno ya kusoma, akayatazama, akaikunja ile karatasi na kuiweka chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kinayumba.

"Washa mtambo wako," akasema.

Akaongea moja kwa moja. "Mimi ni mtoto wenu. Mnanijua mimi, mnawajua ng'ombe wangu. Nitapita kwenu wote. Nikiita, itikeni." Halafu akakohoa.

Nikamwambia, "Baba, turudie, umekohoa mwishoni."

"Acha kikohozi kibaki, mura, kijana wangu. Wakinisikia nakohoa watajua ni mimi mwenyewe, siyo redio."

Nikakiacha. Tangazo nikaliweka kwenye flashi, nikampa dereva wa gari la matangazo. Dereva huyu alikuwa mtu wa Mugumu. Magari ya Tarime yote yenye spika yalikuwa yameshakodiwa na wagombea wengine, kwa hiyo tulimwagiza yeye, na barabara za kwetu hakuzijua.

Kampeni zilikuwa zimebakiza kama wiki mbili kwisha pale baba mdogo alipofariki. Alifia mkutanoni, au tuseme alianza kufa pale. Alikuwa amemaliza kuhutubia kwenye uwanja wa shule ya msingi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavua kofia ya chama na kuiweka kwenye goti. Mama mdogo, mke wake, alikuwa amekaa nyuma yake. Aliniambia baadaye kwamba alimwona anawatazama watu mstari kwa mstari, kama anayemtafuta mtu aliyeahidi kuja. Akadhani anapumzika. Meneja wa kampeni alipomwita asimame awapungie wananchi mkono, hakusimama. Wakamkimbiza hospitali ya mjini, ila hakufika akiwa hai. Daktari alisema ni moyo.

Mwili ukabaki chumba cha maiti, na sisi tukapanda nyumbani kuanza msiba. Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka mlangoni huwezi kuona zizi. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa. Maneno yalikuwa yameshaanza kutembea. Wapo waliosema ni soda aliyopewa jukwaani. Wapo waliotaja chama kile kingine waziwazi. Vijana wa upande wetu walikusanyika njia panda na marungu, na hakuna mzee aliyewaambia waondoke.

Ndipo akatokea mgombea wa chama kile kingine. Mwalimu mstaafu, mtu mwembamba, alikuja peke yake kwa miguu, amevaa sweta la kawaida bila rangi yoyote ya chama. Vijana wakamwachia njia, lakini wakamfuata kwa nyuma mpaka uani. Akaenda moja kwa moja kwa bibi yangu, mama wa marehemu, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

Bibi akamtazama muda mrefu. Vijana walikuwa wamesimama nyuma ya mwalimu, karibu kabisa. Mimi nilikuwa naangalia mikono yao.

"Marahaba," akasema bibi, na kabla hajaendelea, sauti ikaja.

Ilitoka juu, upande wa mlima, ndani ya ukungu. Mwanzoni ilikuwa mlio tu usio na maneno. Halafu maneno yakafunguka: "Mimi ni mtoto wenu. Mnanijua mimi..."

Sijawahi kuona watu wengi wananyamaza kwa mpigo vile. Hata mtoto mchanga aliyekuwa analia mgongoni aliacha. Mimi ndiye niliyeirekodi sauti ile. Nilijua kila mahali alipovuta pumzi. Nilijua pia kwamba hewa ya baridi na ukungu hubeba sauti mbali, na milima huirusha ikarudi kutoka upande usiotarajia. Kujua hakukunisaidia kitu. Nikajikuta natazama mlango wa zizi, kwa sababu sauti ilikuwa imeacha mlima na sasa ilikuwa pale, mahali alipozoea kusimama jioni akiita mtu amfungulie.

"Nitapita kwenu wote. Nikiita, itikeni."

Bibi akaitika. Akaitika kwa Kikurya, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mama anavyomwitikia mtoto aliyerudi kutoka mnadani. Mama mdogo naye akaitika, "Abee." Kisha mmoja mmoja, kwenye mikeka na kwenye mabenchi, watu wakawa wanaitika chini kwa chini. Mwalimu bado alikuwa amepiga goti. Nilikuwa karibu naye, nikaona midomo yake inasema, "Naam."

Halafu kikohozi. Halafu kimya.

Vijana walirudi nyuma hatua kadhaa. Mmoja wao aliweka rungu chini taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuvunjika. Hakuna aliyemgusa mwalimu siku ile, wala baadaye. Akasimama, akakaa benchi la mwisho mpaka saa za mchana, akaondoka kama alivyokuja.

Mimi nilitoka mbio kwenda barabarani kulisimamisha gari. Nilisimama ndani ya ukungu nikisikiliza. Sauti ikaanza tena, mbele yangu. Nikaikimbilia, ikawa nyuma. Nilipaza sauti kumwita dereva, na sauti ya baba mdogo ikanijibu juu ya yangu, "Mnanijua mimi," na sikuona taa, sikuona gari, sikusikia injini. Mwishowe nilikaa kwenye jiwe nikaziba masikio.

Dereva alifika nyumbani ukungu ulipoinuka. Alikuwa amelala kijiji cha mbali, karibu na mpaka, ambako simu hushika mtandao wa Kenya na laini zetu hupotea. Hakuna aliyeweza kumpata. Aliamka, akawasha spika, akafanya kazi aliyolipwa kufanya. Alipoona mikeka na wanawake wamejifunga khanga kiunoni alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Nani?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akatoka garini, akajiegemeza kwenye mlango.

"Ulipita hapa nyumbani asubuhi?" nikamuuliza.

"Hapana. Nimekuja na njia ya chini, ya mtoni. Hapa ndiyo nafika sasa hivi."

"Tumekusikia hapa, mlangoni pa zizi."

"Kaka, mimi hapa sijawahi kufika." Akaingiza mkono, akaichomoa ile flashi kwenye redio, akanipa bila kuitazama.

Uchaguzi mkuu ulifanyika kama ulivyopangwa, ila kwetu tulipiga kura ya rais na ya mbunge tu. Ya diwani iliahirishwa, kama sheria inavyotaka mgombea akifariki. Baadaye tarehe ya kura yetu ikatangazwa, na chama kikamwomba mama mdogo agombee nafasi ya mumewe. Alikataa, akabembelezwa, akakubali.

Siku moja katibu wa chama alikuja naye studio. Alikuwa mtu wa haraka, simu mbili mkononi.

"Ile sauti ya marehemu bado unayo?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Safi. Tunaanza na yeye: Nikiita, itikeni. Halafu anaingia mama: Naomba kura zenu. Hapo tumemaliza uchaguzi. Kata nzima bado inaongea habari ya ile asubuhi."

Nikamtazama mama mdogo.

"Naomba kwanza niisikie," akasema.

Nikamvalisha spika za masikioni. Aliisikiliza mpaka mwisho, akanionyesha kwa kidole nirudie, akaisikiliza tena. Uso wake haukubadilika. Alipovua zile spika alizishika mapajani.

"Siku ile nilijibu," akamwambia katibu. "Niliposema abee, nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka nikamfungulie. Unajua hilo? Miguu yangu ilikuwa imeshanyanyuka. Watu wangu sitawafanyia hivyo mara ya pili."

"Mama, siasa ina mbinu zake..."

"Nimekusikia, baba. Sitaki."

Katibu akasema tutashindwa. Akatoka nje kupiga simu. Mama mdogo akarekodi tangazo lake mwenyewe, fupi, bila kupamba, na akaomba gari lisipite alfajiri wala wakati wa ukungu.

Nilimfuata kwenye mikutano yake mingi. Katika vijiji vya karibu watu walimpokea vizuri, wakaimba. Lakini kulikuwa na kitongoji kimoja nyuma ya mlima, kwenye ile njia ya mtoni, ambako mambo yalikuwa tofauti. Walikuja wengi, wakakaa chini, wakamsikiliza bila kupiga makofi wala kuguna. Alipomaliza na kuuliza kama kuna swali, mzee mmoja akasimama na fimbo yake.

"Hatuna ubaya na wewe, mama yetu," akasema. "Mume wako alipita hapa asubuhi ile ile. Akaita, tukaitika. Neno letu ameshalichukua. Tutalitoa wapi lingine la kukupa wewe?"

Mama mdogo alisimama akimtazama. "Alikuwa ameshafariki, baba."

"Tunajua," akasema mzee. "Sasa tunajua. Wakati tunaitika hatukujua."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Tukapanda gari, tukaondoka.

Siku ya kura nilikuwa wakala wa mama mdogo katika kituo cha kitongoji kile, darasani. Foleni ilikuwa ndefu na ya kimya. Jioni, jua likiwa bado linaingia kwa madirisha, msimamizi wa kituo akamwaga karatasi mezani na kuanza kuhesabu, akiinua moja moja ili mawakala tuone. Mwalimu. Mama mdogo. Mwalimu. Kisha akainua moja akaigeuza, akakunja uso. Hakukuwa na alama kwenye picha yoyote. Pembeni, kwa kalamu, mtu alikuwa ameandika jina la baba yangu mdogo.

"Imeharibika," akasema, akaiweka kando.

Inayofuata ilikuwa hivyo hivyo, kwa mwandiko mwingine. Na nyingine. Nyingine ziliandikwa kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kubwa, zinazopanda na kushuka. Msimamizi alikuwa dada mgeni, mwalimu kutoka nje ya wilaya. Baada ya muda aliacha kusema "imeharibika". Aliinua tu, akaweka. Lile fungu la kando likakua mpaka likawa kubwa kuliko yale mengine mawili.

"Huyu ni nani?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni marehemu," nikasema.

Akazisawazisha kingo za zile karatasi, akazifunga kwa uangalifu, na sikumwona tena akizitazama.

Mama mdogo alishindwa, kwa tofauti ndogo, ndogo kuliko lile fungu. Katibu alimpigia simu kumlaumu. Yeye alikuwa anachambua maharage, akamwacha aongee mpaka salio likamwishia.

Mwalimu akawa diwani wetu. Nasikia alianza vizuri, isipokuwa kule nyuma ya mlima. Kila alipoitisha mkutano, watu walikuja wote, wakakaa, wakamtazama. Hawakumzomea. Hawakuuliza swali. Wakati mwingine, akiwa katikati ya maneno, wote waligeuza vichwa kutazama barabara, kisha wakarudisha macho kwake. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika mahali akawa anaongea huku naye anasikiliza huko barabarani.

Mwisho akaja kwa mama mdogo, kwa miguu kama siku ile ya msiba. Nilikuwepo, nimekuja kusaidia kuvuna. Akamweleza, akainamisha kichwa.

"Mimi pia niliitika, mama," akasema. "Nilikuwa mshindani wake na niliitika. Hata sijui nilikuwa nakubali nini."

Mama mdogo akamwangalia, akafuta mikono. "Wiki ijayo twende wote."

Wakaenda, na mimi nikaenda nao na maiki. Maiki mama mdogo hakuitaka. Alisimama mbele ya wale watu akawasalimu kwa Kikurya, kisha akasema, "Nyinyi mlimchagua mume wangu. Niliambiwa, na kura zenu mtoto huyu aliziona kwa macho yake. Mmetimiza. Hakuna anayewadai. Sasa nawaomba mumsikilize huyu mliyebaki naye."

Akaenda kukaa chini, katikati ya wanawake. Mwalimu akasimama, akajifuta jasho, akasema amekuja kuhusu zahanati. Kimya kikawa kirefu mno mpaka nikaanza kukunja waya zangu. Kisha kutoka nyuma mwanamke mmoja aliyebeba mtoto akanyoosha mkono, akauliza zahanati yenyewe itajengwa upande huu wa mto au upande ule, maana mvua zikianza hakuna mgonjwa anayeweza kuvuka. Mtu mwingine akamkatiza, akasema upande ule ni tope tupu. Wa tatu akambishia. Mwalimu akainua mikono akiwaomba waongee mmoja mmoja, na hawakumsikiliza.