Ng'ombe Katika Banda la Gari

Ikinifika harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na grisi kuukuu, hata niwe nimevaa nguo za kanisani, pua yangu inageuka yenyewe. Wenzangu hukunja uso. Mimi husimama mlangoni pa gereji ya watu kama mtu aliyeitwa, na kabla sijajizuia nimeshakuwa mtoto wa Tarime tena, nimechuchumaa mbele ya karai, naosha plagi kwa mswaki wa zamani. Halafu hasira inakuja. Huwa inakuja ya pili, baada ya harufu, wala haijawahi kuchelewa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa fundi. Hilo mlijue mapema, maana fundi angeimaliza ile Landrova kwa mwezi mmoja, au angeikataa siku ya kwanza. Baba alipenda tu vyuma. Gari lenyewe aliachiwa na Mzungu mmoja mpima madini aliyekuwa anarudi kwao. Injini ilikuwa imekufa, milango imeliwa na kutu, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Tulipoambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa, wenzetu walibeba mabati, milango, mitungi na wazee wao. Baba alifunga maksai mbele ya Landrova akaiburuta njia nzima mpaka kwenye kiwanja chetu kipya, mama akimfuata nyuma na godoro kichwani. Kijiji kizima kilitoka kutazama. "Jamani, mwalimu kahamia na maiti yake!" Jina likashika. Hata watoto wenzangu tukigombana walinitukania hilo hilo.

Sikujali. Mama alikuwa amezaa wasichana wanne, na mimi Bhoke ndiye wa kwanza. Baba aliniita mura. Kwa Kikurya mura ni kijana wa kiume, siyo neno la kumwitia msichana, na bibi mzaa baba alikuwa akilisikia anasonya mpaka kuku wanakimbia. Lakini baba hakuacha. "Mura, lete spana." "Mura, shika hapa, usiachie." Nilikuwa napeleka spana mgongo umenyooka kama askari. Wadogo zangu walikuwa wasichana. Mimi nilikuwa mura.

Kazi yetu ilikuwa ya Jumapili, tukitoka kanisani. Miaka ile serikali ilikataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana ili kubana petroli, na baba alipenda kusema kwamba sisi ndio raia watiifu kuliko wote, maana letu halitembei hata Jumatatu. Mwenzake katika wazimu ule alikuwa mganga wa zahanati, mtu wa Kilimanjaro aliyepangiwa kwetu na serikali. Alikuwa anakuja na koti jeupe, anaondoka na koti jeusi.

Spea hazikuwepo. Madukani hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, sembuse gasketi. Basi wakajitengenezea. Gasketi walikata kwenye maboksi ya chaki wakazipaka grisi. Vikombe vya breki, vile vinavyozuia mafuta yasivuje, walivichonga kwa ngozi ya ng'ombe, kwa kiwembe, ulimi ukiwa nje. Mganga alileta mpira wa dripu uliochakaa, ukawa bomba la petroli, na vitundu vya kabureta tukavizibua kwa sindano yake. Radieta ilipovuja, baba alikoroga unga wa ulezi akaumimina ndani. Mama akatoka jikoni, akasimama, mikono kiunoni.

"Watoto wanakunywa uji mwepesi, gari linakunywa mzito," akasema, akarudi ndani.

Baba alikuwa na usemi wake: "Chuma hakidanganyi, mura. Kikikataa, kina sababu. Itafute." Tuliitafuta Jumapili baada ya Jumapili. Tulifungua, tukaosha, tukafunga, tukabaki na nati moja ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi, tukafungua tena. Mimi hayo ndiyo maisha niliyoyapenda. Hakuna mtu aliyewahi kunikuta pale akaniambia nikachanje kuni.

Nikafaulu darasa la saba. Nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali kabisa na kwetu, na wasichana waliochaguliwa kwenye tarafa yetu walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Siku habari zilipofika baba alikuwa anafunga tairi. Hakusema hongera. Alinipa spana nikaze nati ya mwisho mwenyewe, kisha akasema, "Hili ndilo litakalokupeleka shule. Nitaliendesha mimi, utakaa mbele. Gari letu hili, langu na lako. Hakuna atakayeligusa bila mwenzake kujua." Nilikaza ile nati mpaka spana ikakataa kusogea.

Na siku ikafika likawaka, nyie! Mganga alikuwa kwenye hendeli, anazungusha na kuita majina ya watakatifu. Mimi nilikuwa kitini, mguu kwenye petroli. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanyamaza. Likakohoa tena, likashika, likatetemeka lote mpaka vioo vikagongana. Baba, ambaye hakuwahi kucheza hata harusini, alirukaruka pale uani kama mtoto. Tulizunguka uwanja wa mpira wa shule, kwa kuwa uwanja si barabara na sheria haikuvunjwa, mbuzi wakitimka mbele na watoto wa kijiji wakikimbia nyuma wanapiga mabati. Mama alikuwa amesimama kwenye goli anacheka, amejifunika mdomo kwa kanga. Walioliita maiti sasa walikuwa wanaomba lifti.

Wiki zilizofuata wazee wa ukoo wakaanza kuja kwetu jioni. Walikaa na baba, wakanywa, wakaongea kwa sauti ya chini. Nikipeleka maji ya kunawa wanakatiza maneno, wananitazama kuanzia miguuni. Niliona ni mambo ya mashamba. Nilikuwa na mambo yangu: sanduku la bati alilonipakia rangi baba, na gari la kunipeleka.

Siku moja mama akanituma kwa shangazi, kijiji cha Kemambo, nikalale huko nimsaidie kuvuna. Niliporudi nilisikia ng'ombe kabla sijaliona boma letu. Nilifurahi, nawaambieni ukweli. Nilidhani tumepata wageni.

Ng'ombe walikuwa ndani ya banda la gari. Wamefungwa kwenye nguzo zile zile tulizotundikia spana, fahali mmoja mwekundu anacheua pale kwenye doa la oili, anakojoa bila haraka. Baba alikuwa amekaa kizingitini. Mikono yake ilikuwa safi, hata kucha. Sikuwahi kuiona hivyo.

"Shikamoo, tata," nikamsalimu baba. "Gari liko wapi?"

"Limekwenda Sirari, mpakani."

"Linarudi lini?"

"Halirudi, Bhoke. Limechukuliwa na mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe."

Bhoke. Si mura. Nilisimama pale na kapu la shangazi kichwani, nikangoja aniambie sababu, maana kila kilichokataa kina sababu, si ndivyo alivyonifundisha? Hakuniambia. Alinyanyuka akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Sababu niliiona kwa macho yangu. Ng'ombe wale hawakukaa. Walitolewa mahari, na baada yao akaja msichana anaitwa Ghati, rika langu, amevaa gauni jipya lililomzidi mabega. Aliyemwoa ni mama. Msishangae. Kwetu, nyumba isiyo na mtoto wa kiume mama anaweza kuoa: anatoa ng'ombe, analeta msichana, na watoto atakaowazaa na mwanamume wa nje ni wa nyumba ile, wanairithi. Kumbe ndivyo! Waliuza gari letu wakanunue mrithi. Mimi nilikuwa mura wa kushikia spana tu. Mura wa nyumba alikuwa bado anatafutwa. Nililia mpaka nikatapika, na mama alinipangusa.

Shule nilikwenda juu ya lori la pamba, nimekalia marobota. Baba alinipandishia sanduku, akasimama barabarani mpaka vumbi likamfunika. Tangu hapo nilimpa shikamoo, akanipa marahaba, basi. Likizo zote zikapita hivyo. Nikasoma, nikawa mwalimu kama yeye, akaugua, akafa, na mimi namdai neno moja tu.

Aliyenipa neno hilo ni Ghati. Ilikuwa baada ya matanga, tunamenya mihogo nyuma ya jiko, nami nikasema, kwa ubaya tu, kwamba marehemu aliniahidi gari akaninyang'anya. Ghati akaacha kisu.

"Hukuambiwa?" akauliza. "Wale ng'ombe walikuwa watoke kwako."

Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Desturi ni kwamba ng'ombe wa mahari ya binti mkubwa ndio wanaoleta mke wa nyumba. Wazee walishampata mwanamume wa kunioa, mtu mzima mwenye mji wake. Baba akawaambia Bhoke anakwenda shule. Wakamcheka: "Sasa ng'ombe utatoa wapi, mwalimu? Utawazaa?" Kesho yake akaliwasha gari akaelekea Sirari.

Kwa nini hakuniambia sijui mpaka leo. Labda aliogopa nisingekwenda. Labda aliona aibu kwamba bintiye alikuwa na bei. Ninalojua ni kwamba alininyima hata nafasi ya kumshukuru, na hilo nalo linaniuma kama lile la kwanza. Nikamwambia Ghati hivyo. Nikamwambia, "Alinifanya nimchukie mtu aliyeniokoa."

Ghati akachukua kisu chake, akachagua muhogo mwingine.

"Na mimi nilikuwa nimefaulu," akasema. "Jina langu lilisomwa shuleni. Ila baba yangu hakuwa na gari."

Alisema bila uchungu wowote, akaendelea kumenya, maganda yanadondoka miguuni pake. Mimi ndiye niliyelia. Nililia kwa hasira ile ile ya banda lenye ng'ombe, ila safari hii sikujua nimkasirikie nani.