Wili ya Freni

Siku mume wangu aliponipigia simu kazini na kusema, "Nimenunua moto," nilitafuta kiti. Mimi ni Mrundi niliyelelewa kambini Kigoma, na kwetu moto ni moto, ule unaowaka na kuunguza. Yeye ni Mkongomani wa Bukavu, na kwao moto ni pikipiki. Nilijua hivyo, tumekaa pamoja miaka mingi, lakini masikio yangu yalishika cha kwetu kwanza. Nilikuwa namvalisha bibi mmoja sweta, maana kazi yangu ni kutunza wazee majumbani, na yule bibi alipoona uso wangu aliniuliza kama kuna mtu amekufa. Nikamwambia bado.

Pikipiki yenyewe aliuziwa na mzee mmoja wa kiwanda anakofanya kazi, ambaye nyonga ilikuwa imemkatalia. Ilikuwa kubwa kuliko kitanda cha binti yetu. Kiti cha nyuma kilikuwa na mahali pa kuegemea kama kochi, masanduku mawili ubavuni, jingine nyuma, redio, na kioo kikubwa mbele cha kukinga upepo. "Hii haiko moto ya kubeba batu ku soko," aliniambia. "Hii ni ya safari." Akaifunika turubai mbele ya nyumba yetu ya mbao pale West Side, Buffalo, na kila asubuhi alishuka kuitazama kabla hata ya kupiga mswaki.

Niseme wazi kwamba mimi ni mwoga. Naogopa lifti, naogopa barafu ya ngazini, naogopa mbwa wa jirani ambaye hana meno. Binti yetu husema, kwa Kiingereza chake cha shule, kwamba mama anaogopa hata friji, na ni kweli, kwa sababu ile friji hunguruma vibaya. Sioni aibu. Woga ndio ulionifikisha hapa nikiwa mzima.

Mume wangu alikuwa dereva wa moto za abiria huko Bukavu, kwenye milima na tope, kwa hiyo aliamini mikono yake kuliko gereji yoyote. Alitazama video za Kifaransa, akaagiza vipuri, akafungua na kufunga mwenyewe uani. Oili ya injini aliimwaga kabla ya wakati wake, kama mtu anayebadilisha maji ya maua. Lakini matairi, ambayo ndiyo yanayogusa barabara, aliyaonea huruma. "Ingali na meno," alisema. Nikamwambia sipandi, basi. Tulinuniana mpaka akanunua mapya, na kwa hilo nilishinda. Nilipenda kukaa uani anapotengeneza, si kwa sababu ya mapenzi, bali nijue kitakachotuua kinaitwaje. Siku moja nilimpa chupa ya oili ya injini alipokuwa anafanya kazi kwenye breki, ambayo yeye huiita freni, akanisukuma mkono kwa nguvu. "Hapana! Mu freni haiingiake hii," akasema. Akanieleza kwamba ndani mna vipira vidogo, na oili ya injini ikivigusa vinavimba sawa mukate mu chai. Vikivimba, breki inakamata na haiachilii tena. Nililala na neno hilo.

Kisha mama yake akafika Louisville. Alikuwa ametoka kambini baada ya kungoja sana, akapokelewa na dada mkubwa wa mume wangu. Mama na mwanawe hawakuwa wameonana tangu vita iwatawanye. Zamani, mume wangu alipokuwa akibeba abiria, mama yake alikuwa akisimama mlangoni kila jioni mpaka asikie sauti ya moto yake ikipanda kilima. Sasa mume wangu alitaka afike Louisville juu ya moto, mama asimame mlangoni asikie. Nilimkumbusha kwamba tuna gari. Akasema gari kila mtu iko nayo.

Tukapanga safari kwenye meza ya jikoni. Siku ya kwanza Buffalo hadi Columbus, tulale kwa kaka yangu kule Whitehall, pembeni mwa mji, kesho yake Louisville. Yeye alitafuta barabara zenye kona na miti. Mimi nilitafuta hospitali. Watoto tuliwaacha kwa mama mmoja wa kanisani anayekaa karibu na Grant Street, nikawakumbatia mpaka wakaona haya.

Helmeti zetu zilikuwa na spika ndani, tukaweza kuongea, na hilo lilikuwa kosa la aliyezibuni. Kabla ya Cleveland nilikuwa nimemsimamisha mara tatu. Kwanza kwa harufu ya kuungua, kumbe watu walikuwa wanachoma nyama karibu na barabara. Halafu kwa kitu kilichogonga, kumbe ni bakuli langu la chakula sandukuni. Halafu kwa taa nyekundu iliyowaka mbele yake, kumbe ni jua kwenye kioo. Mara ya tatu alivua helmeti akanitazama.

"Mama watoto, bon, sikiliza. Ukisema simama, sitasimama tena. Ukitaka choo, ile njo nitasimama."

Kwa kaka yangu tulipokewa vizuri. Wanakaa kwenye nyumba za ghorofa ambako bila gari hufiki hata dukani, na gari la kaka ni zee, linakunywa oili mpaka ameweka galoni nzima kwenye buti. Nilikuwa jikoni na wifi yangu tukichambua dagaa. Wanaume walikuwa chini kwenye maegesho, na tulisikia vicheko vyao kupitia dirishani. Nilifurahi wanaelewana, maana kaka yangu, ambaye hajui Kifaransa hata cha kusalimia, hulalamika kila mara kwamba shemeji yake anaongea Kiswahili cha kukunja, ambamo ndiyo huwa njo.

Asubuhi tukaondoka. Tukapita Cincinnati, tukavuka mto, tukaingia Kentucky, barabara ikapanda na kushuka, malori yakitupita na upepo wake unaokuvuta kisha kukusukuma. Nilikuwa nimefumba macho. Mume wangu alikuwa na furaha, akaanza kunisimulia.

"Kaka yako njo alinichekesha jana. Nilimwambia, shemeji, freni ya mbele iko inaomba huile kidogo. Yeye anaangalia gurudumu. Anazani minasema wili ya Kingereza."

Huile ni neno la Kifaransa, na mdomoni mwake linatoka kama wili. Nilicheka kidogo.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, hapana, huile, oil! Akasema, aah, oili! Ninayo kwenye gari. Akaenda kuleta. Miye nikapanda kuoga, yeye akatia."

Nilifumbua macho.

Kwao Bukavu huile ni kila kitu kinachoteleza. Kuna huile ya kukaangia, huile ya injini, na huile ya freni. Kwetu, kwa Kiswahili tulichojifunza kambini, ile ya breki ni mafuta ya breki. Oili ni ya injini peke yake. Hakuna aliyekosea. Mmoja alitafsiri sawasawa, mwingine akaelewa sawasawa, wakacheka wote wawili, na kaka yangu akaenda kwenye buti kuchukua galoni lake.

"Simama," nikasema.

"Unaanza tena."

"Baba watoto, ametia oili ya injini. Kwetu oili ni ya injini."

"Kaka yako haiko mutoto. Freni iko inakamata muzuri, hata kupita jana."

Hilo la kukamata kuliko jana ndilo lililonimaliza. Nikaona vile vipira vyake vinavyovimba kama mkate kwenye chai. Nilimweleza tena, nikimpigia kelele sikioni, na kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kuwa yule mwanamke wa bakuli la chakula. Akaongeza redio. Nyuma yetu kulikuwa na lori, kichwa chake kimejaa kwenye kioo cha pembeni. Niliomba kwa Kirundi. Niliwawaza watoto wakiambiwa kanisani, na nani atawaambia, na kwa lugha gani.

Baada ya kilima kingine akapunguza redio mwenyewe.

"Moto iko nzito leo," akasema. "Ni miye ao ni mupepo?"

Nikakumbuka kitu kimoja alichosema angesimamia.

"Nataka kukojoa," nikasema.

"Tumetoka kukojoa sasa hivi."

"Basi nitakojolea kiti chako."

Akawasha indiketa. Tukatoka kwenye barabara kuu, tukashuka mteremko mrefu wenye taa za barabarani chini yake. Taa ilikuwa nyekundu. Akagusa breki, kugusa tu, na pikipiki ikasimama kwa ghafla hivi kwamba helmeti yangu iligonga yake na mwili wote ukamlalia. Taa ikawa ya kijani. Injini ikanguruma, lakini hatukwenda. Akajaribu tena. Ikasogea kwa kujikokota kama mbuzi anayevutwa kamba, na hivyo hivyo tukaingia kituo cha petroli kilichokuwa pale pembeni. Mbele, kwenye gurudumu, palikuwa panatoka moshi.

Alishuka, akapeleka mkono karibu na chuma cha breki, akaurudisha haraka. Alichukua bisibisi ndogo, akafungua kikopo cha breki kilicho karibu na mshikio, akachovya ncha ya tishu. Mimi nilikuwa nimeshajaza maji kwenye kifuniko cha chupa yangu, maana yeye mwenyewe alinifundisha uani kwamba mafuta ya breki yakiingia majini yanapotea kama chumvi. Akadondosha. Tukainama wote wawili. Juu ya maji yakafumbuka macho ya mafuta, madogo, ya mviringo, kama kwenye mchuzi wa kuku.

Akakaa ukingoni mwa barabara, helmeti bado kichwani.

"Miye njo nilimwambia oil," akasema. "Miye mwenyewe."

Lile lori lilipita juu kwenye barabara kuu, au lingine kama hilo. Tulilisikia likienda. Nilikuwa nimengoja miaka mingi siku ambayo woga wangu ungekuwa na haki, nikidhani nitafurahi angalau kidogo. Sikufurahi hata chembe. Nikaenda chooni kweli.

Mume wa dada yake alikuja kutuchukua kwa gari. Pikipiki tuliiacha gereji ya jirani, ambako fundi alisema kila kipira cha breki ile kitolewe kitupwe. Louisville mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alimshika mwanawe uso, akashika mikono yake, akaigeuza viganja juu, akalia, naye akalia. Kisha akatazama nyuma yetu, barabarani.

"Na moto? Walisema utakuja na moto."

"Iko garage, mama. Kitu kidogo."

Usiku wakati wa kula alinivuta pembeni. "Anakimbizaka?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, mama, anaenda polepole. Kaka yangu alipopiga simu kutoka Whitehall alirudia kwamba shemeji alisema oili, kwamba alimuuliza mara mbili. Halafu akauliza tulikuwa tunakimbia kiasi gani ilipotokea. Nilimpa wifi salamu nikakata.

Pikipiki ilipopona, mume wangu alimwomba fundi afungue kile kikopo mbele yake, akachovya, akadondosha majini, akatazama mpaka fundi akaenda kuhudumia mtu mwingine. Nilimwambia anaweza kuiuza hapo hapo, turudi na basi. Akasema hapana. Lakini alisema bila kunitazama.

Tukarudi nyumbani kwa mwendo ambao hata wazee walitupita. Hakuwasha redio. Mgongo wake, ambao siku zote ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeketi kwake, ulikuwa umekakamaa, na nilipomzungusha mikono kiunoni nikaona anapumua kwa juu juu. Kabla ya Columbus sauti yake ikaingia kwenye helmeti.

"Mama watoto, unasikia kitu?"

"Sisikii."

Baadaye kidogo tena. "Harufu? Hakuna harufu?" Akapunguza, akagusa breki, akaachilia, akagusa. "Ukisikia kitu useme. Useme tu, nitasimama."

Miaka yote nilitaka anisikilize, na sasa ananisikiliza, nami sikuweza kuvumilia. Woga wangu nimeishi nao tangu utotoni, najua unapoanzia na unapochoka. Wake sikuujua. Na yeye ndiye aliyeshika usukani.

Tulipoacha Cleveland nyuma, upepo wa ziwa ukianza kutupiga ubavuni, nikasikia kitu kweli. Kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, tok, tok, mahali fulani chini yangu. Huenda ni sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, tuliyofungiwa na mama mkwe, iliyokuwa sandukuni. Huenda siyo. Mume wangu alikuwa ameshika mshikio kwa nguvu, na malori yalikuwa pande zote mbili.

"Unasikia kitu?" akauliza.

"Sisikii kitu, baba watoto," nikasema. "Twende."

Nikaendelea kusikiliza mpaka nyumbani.