Koti la Manyoya Mwezi wa Nane

Usinitazame hivyo. Sikuwa na usingizi, pombe sinywi, na ilikuwa saa nane mchana, hapa hapa Hyattsville, Marekani, mwezi wa nane, joto la kukutoa jasho umekaa. Nilichokiona nilikiona.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja wa Kimarekani, miaka inakaribia mia. Vita Kuu ya Pili alikuwa mpiga bunduki kwenye ndege ya mabomu, anakaa peke yake kule mkiani. Kila wiki analalamika kwamba Tom, mwenzake aliyefia angani, anamjia kudai glavu zake. Binti yake alishachoka. Akaniambia niandike kila upuuzi wa namna hiyo kwenye daftari la zamu, ukizidi anampeleka nyumba ya wazee. Mzee naye alinishika mkono akaniomba afie kwake. Mimi nikawaambia wote wawili, naandika ninachokiona tu.

Siku hiyo mzee kasinzia, mlango ukagongwa. Kijana mrefu, kavaa koti zito la ngozi lenye kola ya manyoya. Kwa joto lile? Ofisi iliyoniajiri ilitukataza kuingiza watu tusiowajua. Lakini mimi nimelelewa Singida, mgeni anakaribishwa kwanza, jina baadaye. Nikampa kiti, nikammiminia chai ya tangawizi inafuka moshi. Kikombe kikamshinda kushika. Vidole vyake vyeupe kama mshumaa, vimekakamaa. Nikavishika nimsaidie. Jamani, baridi ile! Ilinipanda mpaka kwenye kiwiko.

Akamtazama mzee kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sikufuata glavu. Mwambie nimekuja kumsalimu tu."

Nikageuka kumwamsha mzee. Kugeuka tena, kiti kitupu. Chai ilikuwa imeganda, barafu tupu. Nilikipindua kikombe, halikumwagika hata tone.

Nilipompa mzee ile salamu alilia kama mtoto. Akanituma droo ya chini, nikakuta glavu za ngozi zilizokauka. Akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata binti yake. Glavu zake yeye ziliharibika kule juu kwenye baridi, Tom akamfuata mkiani, akavua zake akamvalisha. Vidole vya Tom vikaganda, bunduki ikamshinda, na risasi za ndege za adui zikamkuta hivyo.

Nikaandika yote, na chai nikaiandika. Msimamizi wangu, dada wa Kenya, akanipigia simu. "Hiyo maneno toa, dada. Andika mzee amechanganyikiwa, ama kazi iishe."

"Sifuti," nikamwambia. "Ukimwandika yeye, niandike na mimi."

Kazi iliisha kweli. Nililia, nisikudanganye, kodi ya nyumba hainisubiri. Lakini binti aliusoma ule ukurasa, akafungua droo, akakaa sakafuni na zile glavu, akamwambia baba yake amsimulie. Mzee yuko nyumbani kwake mwenyewe mpaka leo.

Vidole vyangu hivi viwili, hebu gusa. Kiangazi na kipupwe ni baridi vilevile. Wenzangu wananicheka, wacheke tu, sifuti hata neno. Na wewe unayetunza wazee nakuonya, mzee akikuambia kuna mtu kwenye kile kiti, usikimbilie kalamu. Chemsha chai, ongeza kikombe.