Mama Njeru Alipokuja Kuomba Moto

Nilipokuwa mtoto wa kubeba kibuyu kimoja tu cha maji, miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza walipopigana na Mau Mau, cucu, mama yake baba, alifia ndani ya nyumba yetu. Leo hilo si ajabu. Wakati ule, huku kwetu Embu, nyumba aliyofia mtu ilikuwa na mugiro, mwiko unaoambukiza. Iliachwa au ilichomwa, na waliogusa maiti hawakushirikiana na watu mpaka mzee awatakase kwa kondoo.

Lakini tulikuwa tumekusanywa katika kijiji kilichozungushiwa handaki, na hakuna aliyeruhusiwa kujenga nyumba nyingine. Kondoo hatukuwa naye. Mzee wa kutakasa alikuwa kizuizini pamoja na baba. Mama na mimi tukamzika cucu kwa mikono yetu, tukarudi kulala palepale.

Moto wetu ulikuwa umezimwa, kama desturi ilivyotaka. Viberiti havikuwepo, watu waliombana makaa. Mama akaenda kwa jirani na kigae chake.

"Moto wangu hauingii nyumba hiyo, Mama Wanja," jirani akasema. "Usinichukie. Nina watoto."

Mama akarudi na kigae kitupu. Kesho yake alichukua kaa kwenye visiki vilivyokuwa vikichomwa kando ya handaki, tulikopelekwa kuchimba. Huo ulikuwa moto usio na mwenyewe. Tulipika tukala, lakini hakuna aliyetusemesha. Mtoni tulichota wa mwisho. Watoto waliimba, "Ukimgusa Wanja, utamfuata cucu yake," nami nikaanza kuamini kwamba kweli nimebeba kifo.

Mama Njeru alikuja alasiri moja, wanawake wote wakiwa nje wakipepeta maharagwe. Alikuwa mmoja wa akina mama wachache wa kanisa waliosali Jumapili kwenye banda la shule. Alisimama mlangoni, kigae mkononi.

"Nimekuja kuomba moto."

Mama alitazama ng'ambo, nyumbani kwake. "Mbona kwako naona moshi?"

"Huo ni wa jana."

"Mama Njeru, una watoto wewe. Nenda."

"Ndiyo maana nataka kupika."

Akainama, akaingia, akachagua kaa mwenyewe. Aliogopa kama sisi, ila alikuwa ameshaamua. Akapita katikati ya wanawake wale na moto wetu, polepole, kama mtu aliyebeba maziwa.

Wiki iliyofuata kitindamimba wake alishikwa na homa. Watu wakasema, si tulisema? Kila asubuhi nilichungulia kuona kama mtoto yule bado yu hai. Homa ikiwa ingali kali, Mama Njeru akaja tena na kigae kilekile, safari hii na wenzake wawili wa kanisa, kila mmoja na chake.

"Usichukue," mama alimsihi.

"Uji wa mgonjwa haungoji. Sogea."

Mtoto alipona, kama watoto wengi wanavyopona homa. Angekufa, sijui ningekuwa nani leo. Jumapili hiyo mama alinishika mkono tukaenda bandani. Wanawake walisogea kwenye gogo, tukapata pa kukaa.

Sijaondoka hapo, ingawa gogo sasa ni benchi. Paa linavuja, na mhubiri wetu hajui kumaliza. Lakini wanawake wale, na baadaye binti zao, walikuwa jikoni kwangu nilipojifungua vibaya, na tena nilipofiwa na mume, kabla sijamwita mtu. Mahubiri mengi nimeyasahau. Kaa lile sijalisahau.

Mwezi uliopita mtu mmoja wa huku alijinyonga ndani ya nyumba yake, na baada ya mazishi hakuna aliyekanyaga kwa mjane. Nilitoka shambani miguu imevimba, wajukuu hawajala. Nikachukua kikombe, nikaenda kumwomba chumvi.

"Kwani kwako imeisha?" akaniuliza, bila kunipisha mlangoni.

"Imeisha," nikasema, nikampita nikaingia.

Nyumbani kopo lilikuwa limejaa.